Wageni wa Maulidi Kwenye Kituo cha Mbio

Nimerudisha firimbi. Daktari wa macho alinimulika kwa kitochi chake, akavuta pumzi, akaniambia usiku nisiendeshe tena, kwa sababu taa moja ya gari mimi naiona mbili, na zote mbili naziendea. Basi nimestaafu ulinzi wa njia nikiwa na umri wa miaka arobaini na kitu, meno yote na nywele nusu. Nyinyi mnaopokea kazi mmeniomba niwaandikie jinsi tulivyokuwa tukiifanya. Nitaandika, ila msitegemee kusoma namna nilivyopanda cheo. Kazi hii ina vyeo viwili tu: aliye juu ya pikipiki na aliyelala.

Atakayesoma naye hajui mbio zenyewe, ajue hivi. Ni mbio za kupokezana kijiti, timu kwa timu, usiku kucha. Zinaanza Forodhani baada ya sala ya isha. Wakimbiaji wanapita Mlandege maduka yakiwa yanateremsha milango, wanatoka mjini kwa njia ya Mwera na Dunga hadi Chwaka, hapo wanakata kushoto kufuata pwani mpaka Uroa, kisha wanazunguka kurudi walikotoka. Kila mmoja ana kipande chake. Mwenzako akikimbia, wewe umo kwenye gari la timu, umelala mdomo wazi au unajifanya hujalala. Na sisi walinzi wa njia kazi yetu ni kuhakikisha kwamba walioondoka Forodhani ndio hao hao wanaorudi, wakiwa kamili.

Mimi niliingia humu kwa uzururaji. Nimezaliwa Jang'ombe, nikasoma mpaka kidato cha nne, na tangu hapo sikuwahi kukaa mahali mpaka kiti kikapata moto. Nimeuza vitambaa Mlandege, nimepaka rangi vyumba vya hoteli Uroa, nilikwenda Tanga kwa wiki moja nikakaa miaka. Huko Tanga kutwa nilikuwa naikumbuka Unguja. Niliporudi Unguja nikaanza kuikumbuka Tanga. Dawa yangu ilikuwa kuwasha pikipiki usiku na kuzunguka kisiwa bila shughuli. Habari zangu zikamfika Bi Rukia.

Bi Rukia alikuwa mwalimu wa michezo wa skuli, mwembamba, mrefu, na sauti yake ilikuwa inavuka kiwanja cha mpira bila kuhitaji kipaza. Ndiye aliyekuwa mkuu wa walinzi wa njia. Aliniita kwake.

"Shikamoo, Bi Rukia."

"Marahaba. Wewe ndiye unayezurura usiku?"

"Natembea tu, bibi."

"Unakwenda wapi?"

"Popote."

"Basi tangu leo utakwenda popote na hiki." Akanirushia kizibao cha kung'aa, kile cha rangi ya ndimu chenye mistari ya fedha. "Na mtu akikuuliza, una kazi. Mama yako atafurahi kusikia."

Mama alifurahi kweli. Alikiweka kile kizibao ukutani kama cheti.

Usiku wangu wa kwanza nilipangwa kona ya Mwera. Akaja mkimbiaji upande ule ule wa magari, anayapa mgongo, masikioni ameziba vidude vya muziki. Nikapiga firimbi. Hakusikia. Nikapiga tena, wakaamka jogoo wawili, yeye akapita anatikisa kichwa. Nyuma yake linakuja gari la mchanga. Ikabidi nimkimbilie na kumvuta fulana, na yeye akadhani namnyang'anya kijiti, tukavutana pale kando ya njia kama watoto wanaogombea muwa mpaka gari likapita. Nilipomsimulia Bi Rukia alisema, "Vizuri. Sasa unajua kwa nini nawakagua masikio kama nesi wa skuli."

Na alikuwa akiwakagua kweli. Kila kituo cha kupokezana alisimama na thermosi yake ya chai, kanga ameifunga kiunoni juu ya baibui, na hakuna mkimbiaji aliyeondoka kabla hajapitiwa: taa nyeupe kwenye paji la uso, taa nyekundu mgongoni, kizibao kimefungwa, masikio matupu. Kimbia upande ambao magari yanakujia usoni, ili dereva akisinzia wewe umwone kabla yeye hajakuona. Gari likikujia na taa kali, tazama ukingo wa lami, usitazame taa. Mengine mtayapata kazini, lakini haya yashikeni kama namba ya simu ya nyumbani.

Ng'ombe ni somo peke yake. Lami inahifadhi joto la mchana, na ng'ombe wa kando ya njia ya Dunga wanalijua hilo kuliko mtu yeyote. Usiku wanakuja kulala katikati ya barabara kama wako hotelini. Firimbi hawaijali, honi hawaijali, taa wanaitazama kwa heshima kisha wanafumba macho. Ng'ombe anamsikia aliyemfuga tu. Kwa hiyo mlinzi mzuri wa njia ni yule anayejua nani mwenye ng'ombe gani na dirisha lake la kulalia ni lipi. Mimi nimeshatukanwa kwenye madirisha yote ya njia ile, na naweza kusema kwa ujumla watu wa kule wanatukana kwa adabu.

Na kabla ya mbio, nendeni kwa masheha, wakuu wa vijiji. Msipige simu, nendeni. Kijijini mtu anayekimbia usiku na tochi ni mwizi mpaka ijulikane vinginevyo. Mwaka wangu wa kwanza vijana wa ulinzi wa kijiji kimoja walimkamata mkimbiaji wetu, wakamkalisha chini, na akaponea chupuchupu. Ilibidi ataje baba, babu, na babu wa babu, mpaka akatokea mmoja aliyemjua mjomba wake. Tangu hapo mimi na Bi Rukia tulikuwa tunazunguka kila shehia, tunakunywa chai, tunaeleza. Sheha mmoja mzee alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza:

"Wanakimbia kwenda wapi?"

"Mjini," akajibu Bi Rukia.

"Si ndiko walikotoka?"

"Ndiko."

Akafikiri. "Wamesahau nini?"

Sasa nifike kwenye usiku ule mnaoniuliza kila tukikutana.

Mwaka ule utepe wa kung'aa, ule tunaofunga kwenye miti kuonyesha njia, ulikosekana mjini. Tukakaa kikao. Mmoja akasema, kwani lazima utepe? Tuchomeke makuti mabichi kila penye njia panda. Taa ya kichwani ikiyapiga yanaonekana vizuri, na hayagharimu kitu. Tukashangilia. Tukamsifu. Watu wote waliokuwa kwenye kikao kile wamezaliwa kisiwa hiki, na tangu wanabebwa wanayajua makuti mabichi yaliyochomekwa kando ya njia: ukiyaona, kuna harusi au kuna maulidi, fuata, utafika, utakula. Hakuna hata mmoja aliyekumbuka. Tulikwenda kuyakata makuti tukiimba.

Timu moja ilikuwa ya mafundi wa Jang'ombe. Ndani yake mlikuwa na Makame, seremala, na mkewe Asya, mshoni. Makame ana kisukari cha sindano, na hakuwa anaficha, alituandikisha mwenyewe. Hatari yake ilikuwa sukari kushuka akiwa mbioni. Kwanza mikono inatetemeka, jasho jembamba, halafu ulimi unakuwa mzito, halafu anaanguka. Akipata kitu kitamu mapema anainuka na kukusimulia mzaha. Asipopata, huenda asiinuke. Kwa hiyo kila kipande alichokimbia alikuwa na pipi mfukoni, na kimkoba chenye kipimo na sindano alikuwa nacho Asya. Makame alipangiwa kutoka Chwaka kwenda Uroa. Uroa anasubiri Asya, apokee kijiti.

Mimi nilikuwa nyuma, namalizana na fahali mmoja na mwenyewe. Simu ikalia.

"Makame umempita?" Bi Rukia, kutoka Uroa.

"Sijampita."

"Basi hajafika. Na waliotoka nyuma yake washafika."

Nikawasha. Niliendesha kutoka Chwaka hadi Uroa polepole, namulika mitaro, namulika vichaka, namulika kila kivuli kilichofanana na mtu amelala. Niliita jina lake mpaka mbwa wakanijibu. Nilisimama penye kila mti ulioinamia njia, nikishuka na roho mkononi. Hakuna kitu. Hata kiatu.

Kituo cha Uroa kilikuwa uwanja wa skuli. Nilipoingia, Asya alinijia mbio. Amevaa suruali yake pana ya mazoezi na mtandio umefungwa kwa pini, mkononi ameshika kaptura.

"Uko naye?"

"Bado, dada yangu. Njia nzima sijamwona."

"Hii ndiyo kaptura aliyoivua Chwaka. Kabadilisha, ati inambana." Akaingiza mkono mfukoni, akautoa umejaa pipi. "Pipi zake hizi. Zote. Huyu mtu yuko gizani hana hata chembe."

Bi Rukia alimshika bega, akageuka kwangu na sura ya kunipa amri, na hapo ndipo nilipowaona, nyuma yake. Chini ya taa ya skuli, juu ya mikeka yetu ya wakimbiaji kunyoosha miguu, wamekaa wazee kama kumi na kitu, kanzu nyeupe zimepigwa pasi, kofia za kiua, marashi yananukia mpaka barabarani. Kila mmoja mkononi ana ndizi.

"Bi Rukia, hawa nani?"

"Wageni wa heshima," akaninong'oneza. "Wamekuja na magari matatu. Nadhani wafadhili. Nimewapa chai na ndizi. Mbona hawasemi kitu?"

Mzee wa mbele, mwenye ndevu za hina, alisafisha koo. Ilionekana alikuwa ameshavumilia mengi.

"Bibi, tusamehe. Tumefika mapema au tumechelewa? Maana tunaona vijana wanapita na kaptura, wanashikana, wanapiga kelele, wanaondoka. Hao ndio wasomaji?"

"Wasomaji wa nini, babu?" nikauliza.

"Wa maulidi. Tumefuata makuti kutoka Chwaka. Yametuleta hapa hapa."

Nilihesabu njia panda kichwani. Asya alikuwa na haraka kuliko mimi.

"Kama wageni wao wako kwetu," alisema, "basi wangu yuko kwao. Babu, maulidi yenyewe yako wapi?"

"Kijiji cha nyuma, mwanangu. Ndani ndani, upande wa mashamba. Nyumba ya Bi Fatuma. Tuliyaona makuti mengine yanaingia huko, lakini haya ya kwenu yalikuwa mengi zaidi, tukasema ndiyo penye watu wakubwa."

Nilikuwa nishawasha pikipiki. Asya alitaka kupanda. Bi Rukia akamzuia kwa sababu Makame angeweza kutokea kwa njia, na kimkoba kingekuwa kimeondoka. Asya alinipa mimi zile pipi zote.

Njia ya kwa Bi Fatuma ilipambwa kuliko yetu, lazima niseme. Makuti pande zote, yamesukwa, na balbu za rangi. Mkimbiaji yeyote mwenye akili timamu angeiacha ya kwetu. Mlangoni walisimama vijana wawili, mmoja na chetezo cha udi, mmoja na mrashi, na kabla sijafungua mdomo nilishanyunyiziwa kichwa, kizibao na tochi.

"Yakhe," nikamnong'oneza mwenye mrashi, "amepita hapa mtu mwenye kaptura?"

"Yule mlevi?"

"Mlevi vipi?"

"Kaja anayumba, jasho linamtiririka, nnamuuliza jina, ulimi haumtii. Na mapaja nje, yakhe, siku kama hii! Mie n'kataka kumtoa. Bi Fatuma katokea jikoni, akaniuliza, 'Kafuata makuti au hakufuata?' N'kamwambia, kafuata. Akasema, 'Basi mgeni. Mvisheni, mpeni chai, apate kitu tumboni, ndiyo mumuulize yake.'"

"Chai mlimpa?"

"Chai ya maulidi, si unaijua? Kijiko kinasimama kwa sukari. Na halua. Kala vipande vitatu bila kumung'unya."

Niliegemea ukuta. Sijui niliegemea kwa muda gani, ila nilinyunyiziwa marashi mara ya pili.

Nilivua viatu, nikaingia. Ukumbini, kati ya wazee wawili, alikaa Makame. Kanzu ya mtu mfupi imemkomea chini ya magoti, kofia imemkalia juu ya sikio kama kifuniko cha birika, na mbele yake juu ya mkeka amekilaza kijiti cha timu. Uso wake ulikuwa umerudiwa na rangi. Aliponiona alitoa macho ya mtoto aliyekutwa kwenye mtungi wa asali.

"Unajisikiaje?" nikamuuliza kwa kunong'ona.

"Mzima. Sasa hivi mzima. Nilifuata makuti, wallahi, nilifuata makuti yenu."

"Mikono inatetemeka?"

Akainyoosha. Ilitulia. "Twende," akasema, "niko mbele au nyuma? Nikikimbia sana nitawapata."

"Hukimbii. Utapanda pikipiki."

"Nikipanda timu inatolewa! Tumefanya mazoezi tangu—"

"Makame. Umepoteza ulimi njiani. Hukimbii."

Hii ndiyo sehemu ya kazi ambayo hakuna atakayewashukuru. Mtu mzima, amejifua miezi, unamwambia ishaisha. Atakuchukia pale pale. Mwache akuchukie akiwa hai. Alinuna, akavuta pumzi kutaka kubisha, na wakati ule ule watu wote wakasimama kwa kiamu, kumsalia Mtume. Tukasimama nao. Hubishani na mtu mbele ya kiamu. Watu walipokaa, tukakaa, na hasira ilikuwa imempungua nusu.

Mlangoni Bi Fatuma alituziba njia. Mwanamke mnene, mikono imelowa, macho hayana subira.

"Mnakwenda wapi? Pilau bado."

"Shikamoo, bibi. Mkewe yuko Uroa, anamlilia."

"Marahaba. Mke ndiyo anaendewa vipi mikono mitupu?" Akarudi jikoni, akatoka na kifurushi cha halua kimefungwa kwenye jani la mgomba, akamkabidhi Makame kwa mikono miwili. "Hii ya mkeo. Ya mkeo, umesikia? Wewe yako ushakula." Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe mwenye kizibao, umepita njiani. Wageni wangu wa mjini hujawaona? Chakula kinapoa."

Nilifikiria kusema uongo. "Wako kwetu, bibi. Skuli ya Uroa. Wamefuata makuti."

"Wanafanya nini huko?"

"Wanakula ndizi."

"Ndizi!" Nyumba nzima ilisikia. "Wazee wangu mmewapa ndizi?"

Tuliondoka kabla hajapata kitu cha kushika. Njiani tulipishana na magari matatu, kwenye la mbele ameketi Bi Rukia karibu na dereva, anawaongoza mwenyewe, na mzee wa ndevu za hina alituaga kwa ganda la ndizi.

Asya alikuwa amesimama katikati ya barabara. Nilisimamisha. Alimshika Makame kidole, akakitoboa, akakikamua, akatazama kipimo kwa tochi. Akakitazama tena. Kisha akamtazama mumewe tangu kofia mpaka miguu inayochungulia chini ya kanzu, akamnusa.

"Udi," alisema.

"Asya, mke wangu—"

"Miye nakuzika huku, wewe uko maulidini umekaa mbele!"

"Hawakunikalisha mbele. Nilikuwa safu ya pili."

Alimpiga na ile kaptura ya pipi, mara moja, begani, kisha akaikumbatia kanzu ya watu na kulia ndani yake, na sisi tuliobaki tukapata shughuli ya ghafla ya kukunja mikeka.

Alipomaliza alijifuta kwa ncha ya mtandio, akanyoosha mkono. "Kijiti."

Nikamwambia ukweli, kwamba timu yao haihesabiki tena, kwa vile mtu wao amebebwa.

"Nani kakuuliza kuhesabu?" akasema. "Nimekuja kukimbia."

Nikamkagua: taa ya mbele, ya nyuma, kizibao, masikio. Akaondoka. Alikuwa wa mwisho kwa mbali, na mkimbiaji wa mwisho huwa anasindikizwa, kwa hiyo nilimfuata taratibu, namwangazia, na Makame nyuma yangu juu ya pikipiki, kanzu inapepea, kifurushi alichokwisha kumwambia Asya ni halua yake amekipakata. Njia ilikuwa tupu. Kulia tulisikia maji yamejaa.

"Polepole, Asya!" Makame akapiga kelele. "Usiumie!"

Akaongeza mwendo.

"Vuta pumzi vizuri!"

Akaongeza tena. Tukaenda hivyo muda mrefu, nyayo zake na injini yangu tu. Kisha bila kugeuza kichwa, akaita:

"Makame!"

"Naam!"

"Ile halua aliyonipa Bi Fatuma unayo?"

Nyuma yangu nilisikia jani tupu la mgomba likikunjwa, na mtu anamalizia kutafuna haraka haraka. Nikapunguza mwendo kidogo, nikampa nafasi ameze.